Albamu ya kwanza isizame kwenye wingi wa magita

Mhariri,

Bendi ya blaki metali ya melodi, yaani roki kali ya kasi inayobebwa na melodi za magita, ikitoa albamu yake ya kwanza baada ya kungojewa miaka mingi, wahakiki wa kurasa za burudani huipima kwa kasi na ukali. Huko ni kuionea. Muziki huu husimama au huanguka kwenye magita mawili, na hapo ndipo albamu nyingi nzuri huharibikia studio.

Ngoma zikienda midundo 200 kwa dakika, na mpiga gita akichapa noti nne kila mdundo, zinatoka noti kama 13 kwa sekunde. Distoshoni, yaani ule mkwaruzo wa gita la umeme, ikizidi, mwanzo wa kila noti hufutika na melodi hubaki mvumo tu. Gein, yaani kipimo cha amplifaya kinachoongeza mkwaruzo huo, ipunguzwe kuliko ya mazoezini. Ukali utarudi kila gita likirekodiwa mara mbili, kushoto na kulia.

Kosa baya zaidi ni kupiga sauti mbili za melodi kwenye gita moja. Noti mbili zikipita pamoja kwenye amplifaya yenye distoshoni huzaa masafa mengine ya sauti ambayo mtunzi hakuyaandika. Noti ya kwanza na ya tano za ngazi ya muziki huvumilia hali hiyo. Ya kwanza na ya tatu hukwaruzana. Basi kila sauti ipewe gita lake na rekodi yake. Besi nayo isiiandame melodi: ishike noti ya msingi ya kodi (noti zinazopigwa pamoja), kwa kuwa magita yote mawili yakipanda juu, hakuna kingine cha kulionyesha sikio wimbo umesimama wapi. Mwangwi ukatwe chini ya hezi 300, la sivyo utaifunika ngoma ya miguu.

Dissection, bendi ya muziki huu ya Uswidi, ilianza 1989 na albamu yake ya kwanza ikatoka 1993. Mpaka leo unaweza kulifuata kila gita humo, na hilo ni jambo la kuheshimiwa sana.

Kungoja sana pia huwatia wanamuziki tamaa ya kuingiza kila wimbo wa demo, yaani rekodi za majaribio. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 22 hivi kwa sauti nzuri. Ukiuzidisha, mifereji hubanwa na sauti hulazimika kushushwa.

Wahakiki wenu waisikilize albamu kwanza kwa sauti ya chini. Gita la pili lisipofuatika hapo, lawama iende kwenye miksi, yaani uchanganyaji wa sauti studio, kabla ya kumfikia mtunzi.

Msomaji wenu