Dada, acha kupokea wengine

Shikamoo dada.

Najua utaudhika kwamba nimeandika hadharani kuhusu watambaazi unaowapokea kwako, nyoka, mijusi na kobe. Nyumbani kila nikianza kuzungumza unanikatiza kwa jibu moja: "Mbona wako hai?" Basi nianzie hapo.

Mnyama wa damu baridi hafi upesi. Chatu anaweza kukaa miezi bila kula, na bado akainua kichwa ukifunua sanduku. Mbwa mwenye njaa angebweka mpaka majirani waje. Kobe atabweka na nini? Kwa hiyo kuwa hai, kwa wanyama hawa, hakuthibitishi kitu.

Mtazame yule mjusi mwenye ndevu kwenye tangi la kioo la chini. Taya limelegea, miguu imepinda, anajiburuta kwa tumbo. Hakuja hivyo. Bila miale ya urujuanimno, kama ile ya jua, mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya kwenye chakula haimfai. Mwili unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Utasema taa ya miale hiyo ipo na inawaka. Inawaka, ndiyo, ila taa hizo huisha miale kabla ya kuisha mwanga, ndiyo maana nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ya kwako ina umri gani? Tena mjusi huyo anataka pa kuota joto la kama nyuzi 40 za Selsiasi, na upande mwingine wa kupoa. Tangi ulilomgawia halina upande mwingine.

Wanyama wageni nao unawapanga moja kwa moja kando ya wenyeji, wakati kawaida ni karantini ya siku 90 katika chumba cha peke yao. Utitiri unahama sanduku hadi sanduku. Bakuli za maji unazisuuza kwenye sinki la jikoni, na wajukuu wamo humo ndani. Salmonela, bakteria wa kuharisha ambao watambaazi huwabeba, haichagui kwamba wewe una huruma.

Huruma unayo, sibishi. Lakini kila ukisimulia, unataja uliowapokea. Sijakusikia ukimtaja aliyeondoka. Yule kijana aliyekuja kuomba nyoka mmoja amlee ulimrudisha eti tangi lake dogo, nalo lilikuwa kubwa kuliko lako! Kobe wako wakitunzwa vizuri watatuzika sote wawili. Umemwandaa nani kuwarithi?

Mwaka 1999 mtafiti Gary Patronek alieleza walimbikizaji wa wanyama ni watu gani: wanakusanya wengi, wanashindwa hata matunzo ya msingi, na hawaoni hali ilivyoharibika. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautaja ulimbikizaji kuwa ugonjwa. Mimi si daktari, sikupi jina. Nasema tu kwamba kukuletea taa mpya peke yake hakutatosha, kwa sababu nafasi itakayopatikana utaijaza.

Ninachoomba: usipokee tena, hata mmoja, hata akiachwa mlangoni. Jumamosi nakuja na kipimajoto na daktari wa wanyama anayewajua watambaazi. Tutaandika kila aliyemo, wagonjwa watibiwe kwanza, kisha tuwatafutie wengine walezi, na kumchagua mlezi tutachagua pamoja. Gharama ya daktari ni juu yangu.

Ukinifungia mlango, nitawaita wanaosimamia ustawi wa wanyama. Sitajificha, nitawapa jina langu.

Mdogo wako