Barua ya Wazi kwa Wasichana wa Chama cha Historia: Wapeni Wanawake wa Roma Nafasi ya Kusema

Wajukuu zangu wapendwa,

Nimepata habari kwamba mwezi ujao mtasimama mbele ya wenzenu kuzungumza juu ya wanawake mashuhuri wa Roma ya kale, na mmoja wenu alinionyesha orodha mliyoiandaa. Wa kwanza ni Messalina, mke wa Kaisari Klaudio, na wapenzi wake, anafuata Agrippina, mke wake wa baadaye, na sumu ya uyoga anayodaiwa kumlisha Klaudio huyo, kisha Livia na zile tini zinazodaiwa kumwua mumewe Augustus, kaisari wa kwanza. Nimefundisha historia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba mnivumilie nikisema kwamba orodha hiyo imenihuzunisha. Wanawake hao wanastahili kutajwa, lakini karibu yote mliyoyaandika juu yao ni maneno ya wanaume wasiowapenda.

Itazameni miaka. Messalina aliuawa mwaka 48 BK, wakati mwanahistoria Tacitus, ambaye mmechota mengi kwake, alikuwa hajazaliwa. Kisa cha tini tunakipata kwa mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika takriban miaka 200 baada ya Augustus kufariki mwaka 14 BK, na hata yeye anakieleza kama shaka iliyokuwa midomoni mwa watu. Waandishi hao wawili walikuwa maseneta, watu wa tabaka lililopokonywa madaraka na makaisari, na njia nyepesi ya kumdhalilisha kaisari ilikuwa kusema kwamba anatawaliwa na wanawake wa nyumbani mwake. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wasomeni waandishi hao, ila kila mara jiulizeni ngozi inavutwa upande gani.

Mwanamke ambaye ningependa mumweke mbele hamkumtaja kabisa. Anaitwa Hortensia, na hata jina hilo ni la ukoo wa baba yake, Hortensius, msemaji hodari aliyeshindana mahakamani na Cicero, msemaji maarufu wa Roma. Kama angekuwa na dada, naye angeitwa Hortensia. Mwaka 42 KK Roma ilikuwa mikononi mwa watu watatu, Octavian, Antonius na Lepidus, waliokuwa wakitafuta fedha za kupigana na Brutus na Cassius, wauaji wa Julius Kaisari. Walikuwa wamekwisha kuwaua mamia ya wapinzani wao na kuuza mali zao, lakini fedha hazikutosha. Ndipo wakatangaza kwamba wanawake 1,400, matajiri kuliko wote, wathaminiwe mali zao na kuzilipia kodi ya vita, na kwamba atakayeficha chochote atatozwa faini.

Wanawake hao hawakukimbilia uwanjani. Walianza kwa wanawake wenzao wa nyumba za watawala, kama ilivyokuwa desturi. Dada yake Octavian aliwapokea vizuri, na mama yake Antonius vilevile, lakini Fulvia, mke wa Antonius, aliwafukuza mlangoni. Hakuna mwanamume aliyethubutu kuwatetea, kwa hiyo walikwenda wenyewe hadi Forum, uwanja mkuu wa mikutano wa mji, wakapenya katikati ya umati na walinzi mpaka mbele ya viti vya watawala, na Hortensia akasema kwa niaba yao.

Hotuba yake imetufikia kwa Kigiriki cha mwanahistoria Appian, aliyeishi karne mbili baadaye, kwa hiyo msiidai kuwa neno kwa neno. Hata hivyo hoja zake ni imara. Aliwaambia kwamba wamekwisha kuwanyang'anya baba, waume, wana na ndugu, na sasa wakiwanyang'anya mali pia watawashusha katika hali isiyolingana na uzawa wao. Aliuliza kwa nini walipe kodi watu wasio na sehemu katika vyeo, uongozi wa majeshi wala utawala wa nchi. Aliwakumbusha kwamba mama zao waliwahi kuchangia vita dhidi ya Carthage, mji hasimu wa Roma huko Afrika Kaskazini, tena kwa hiari, wakitoa vito vyao na si mashamba wala mahari. Adui wa nje akija, alisema, nao watafanya vivyo hivyo. Bali kwa vita vya Warumi dhidi ya Warumi hawatatoa kitu.

Watawala walikasirika, wakaamuru wanawake wafukuzwe, lakini umati ulipiga kelele hata wakaahirisha shauri. Kesho yake idadi ya wanawake waliotakiwa kulipa ilishushwa hadi 400, na mzigo uliobaki ukatwikwa wanaume wenye mali nyingi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Quintilian, mwalimu wa ufasaha, aliandika kwamba hotuba ile ingali inasomwa, wala si kwa ajili ya kuwaenzi wanawake tu.

Lakini msimpambe Hortensia kupita kiasi. Alitetea mali za matajiri, na katika mali hizo walikuwamo wajakazi ambao hakuna aliyewauliza lolote. Lisemeni hilo wazi mbele ya wenzenu, kisha muwaeleze kwamba hata mwanamke tajiri, baba yake akishafariki, kwa kawaida alihitaji idhini ya msimamizi wa kiume katika shughuli kubwa za mali.

Mkibakiwa na muda, mtajeni Eumachia wa Pompeii, mji wa Kirumi huko Italia, aliyekuwa kuhani wa mji, aliyejenga jumba kubwa kando ya Forum na kuandikisha jina lake juu ya lango. Madobi wa mji walimsimamishia sanamu humo.

Ila ningewashauri muanze na Claudia Severa. Karibu mwaka 100 BK, akiwa mke wa ofisa wa jeshi kaskazini mwa Uingereza, alimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Barua iliandikwa kwa wino juu ya kibao chembamba kilichofukuliwa Vindolanda, ngome ya jeshi la Roma huko. Karani ndiye aliyeandika sehemu kubwa, lakini mwishoni Severa alishika kalamu mwenyewe, kwa mwandiko usio nadhifu, akamwita Lepidina dada yake na kumwambia kwamba atamngojea. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yaliyoandikwa kwa mkono wa mwanamke. Tafuteni picha yake muionyeshe kabla hamjasema neno, na rasimu mpya mniletee Jumamosi. Nitakuwa nyumbani mchana kutwa.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu