Barua ya Wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) Kuhusu Mashine za Kusaga Nafaka

Ndugu Mtendaji Mkuu,

YAH: WAJIBU WA WAAJIRI KATIKA MASHINE ZA KUKOBOA NA KUSAGA

Nakuandikia kuhusu sehemu za kazi zilizotapakaa mitaani Dar es Salaam, ambazo usalama kazini unapozungumzwa hazitajwi sana, kwa kuwa macho yetu huelekea migodini na kwenye majengo yanayojengwa. Katika chumba cha kusagia, mkanda unaounganisha mota na kinu mara nyingi huzunguka wazi, hatua moja tu kutoka anaposimama kijana anayemimina mahindi, na mteja aliyejifunga kanga hupita hapohapo kuchukua ndoo yake. Ukinasa upindo wa nguo, hakuna muda wa kukimbilia swichi, ambayo nayo aghalabu iko ukuta wa pili.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atambue hatari mapema, azibe sehemu hatarishi za mitambo, ahakikishe wafanyakazi wanapimwa afya na awape vifaa vya kinga. Wamiliki wengi huanzia mwisho: hununua barakoa chache wakaona wamemaliza (nyingine utazikuta zimetundikwa msumarini, safi kabisa). Barakoa haizuii mkanda, wala haipunguzi vumbi linalofuka kwenye mfuko wa unga uliochanika, vumbi ambalo likivutwa kwa miaka huweza kuleta pumu. Kushona mfuko huo na kufunga wavu wa chuma kwenye mkanda ni kazi ya fundi wa mtaani.

Jambo la pili ni ajali zinazomalizwa kimyakimya. Kijana anayelipwa kwa siku, bila mkataba, akikatika kidole hununuliwa dawa na shauri huishia hapo, ilhali ajali hiyo ilipaswa kuripotiwa kwenu na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kuuchangia ni jukumu la mwajiri peke yake.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wako wafike jioni, foleni ikiwa imejaa na mota inanguruma, wautazame mkanda kabla ya kuuliza cheti, na usipokuwa na kizuizi, mashine isimame mpaka kifungwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Manzese