Kalamu ya wino ikipasuka, msimlaumu mwenye nayo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge kauli inayotolewa madukani kila kalamu ya wino inaporudishwa ikiwa na ufa: "Umeiangusha." Nazungumzia kalamu ya wino wa kujaza, ile yenye nibu ya chuma, si bolpeni. Kauli hiyo humnyamazisha mteja, lakini mara nyingi si kweli. Kalamu iliyoanguka hujulikana. Nibu imepinda, au pana alama ya kugonga, au kipande kimemeguka. Ufa ninaousema mimi ni mwembamba kama unywele, hauna alama ya pigo, hujitokeza wiki au miezi baada ya kununua, na hupenda kukaa palepale: kwenye mdomo wa kifuniko ukipanda juu, kwenye meno ya skrubu ambako shingo, yaani sehemu inayoshika nibu, na mwili hukazwa, na kwa kalamu zenye pistoni, zile zinazovuta wino tumboni mwake zenyewe, nyuma karibu na kile kifundo cha kuzungusha. Kalamu za watu mia zikipasuka mahali pamoja, huo si uzembe wa watu mia.

Tuanzie kiwandani. Sehemu nyingi za kalamu hizi hupatikana kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki huingia kupitia tundu dogo, hukizunguka kijiti kinachoacha uwazi wa ndani, kisha mikondo miwili hukutana upande wa pili. Inapokutana hubaki mshono, mara nyingi hauonekani kwa macho. Kama plastiki ilikwisha anza kupoa, au kalibu lenyewe lilikuwa baridi, mshono huo haushikani sawasawa, na siku ya ufa, ufa utapita hapo. Ndiyo maana nyufa nyingi hunyooka wima kama zimepigwa rula.

Jambo la pili ni haraka. Kipande kikipozwa upesi ngozi ya nje huganda wakati tumbo lingali la moto. Tumbo likija kusinyaa, huvutana na ngozi iliyokwisha kuwa ngumu. Mvutano huo hubaki ndani hata kalamu ikiwa bado kwenye boksi lake. Dawa yake inajulikana: kuvipasha vipande joto la wastani kwa saa kadhaa, bila kufikia kiwango cha kulainika, kisha kuviacha vipoe taratibu. Kwa akriliki, plastiki ngumu inayotumika kwenye kalamu nyingi, joto hilo ni kama nyuzi 80 za Selsiasi. Lakini ni hatua inayokula umeme na muda, na kwenye kalamu ya bei ya chini ni rahisi kurukwa.

Polikaboneti, ambayo hutumika kwenye baadhi ya zile kalamu angavu zinazoonyesha wino tumboni, ina sharti jingine. Chembechembe zake hunyonya unyevu wa hewa, na sharti zikaushwe kwa nyuzi 120 hivi kwa saa tatu au nne kabla ya kuyeyushwa. Zikiingia mashineni na unyevu wake, maji hukatakata minyororo ya molekuli. Kipande huweza kutoka kinang'aa, kimependeza, kumbe nguvu imekwisha pungua. Mnunuzi hana jicho la kuliona hilo.

Halafu yuko anayeunganisha. Kalamu nyingi zina bomba dogo la shaba ya manjano lililoshindiliwa ndani ya shingo au mwili wa plastiki. Joto likipanda na kushuka, plastiki hutanuka na kusinyaa mara tatu hadi nne zaidi ya shaba. Kalamu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari adhuhuri, kisha ikaingizwa ofisini kwenye kiyoyozi, hulikaba lile bomba. Na kwa kuwa shaba haibonyei, plastiki ndiyo inayovutwa kuizunguka. Pete ya chuma iliyo nje ya mdomo wa kifuniko, ambayo wengi huiona pambo, ina kazi ya kinyume: huuzuia mdomo usipanuke. Mafundi wa zamani waliiweka hapo kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo kifuniko cha plastiki tupu, chembamba, kisicho na pete, nakihesabu kuwa dosari ya mchoraji wa kalamu, hata kiwe na rangi nzuri namna gani.

Kukaza nako kuna sehemu yake, hilo sikatai. Shingo ambayo kipenyo chake huongezeka kidogo kadiri unavyoelekea kwenye nibu huingia mwilini kama kabari, na kila robo ya mzunguko ya ziada huupanua mdomo wa mwili. Wapo wanaokaza kalamu kama wanafunga bomba la maji linalovuja. Kaza mpaka uhisi imegota, basi. Lakini kalamu iliyobuniwa vizuri ina bega bapa linalosimamisha mkazo huo kabla haujafika kwenye plastiki nyembamba, na isiyokuwa nalo haiwezi kumtupia lawama mwenye mkono.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wasomaji wengi hawajaambiwa, nayo ni kemikali. Kimiminika hakihitaji kuyeyusha plastiki ndipo kiipasue. Kikifika mahali ambapo plastiki tayari imevutwa, hupenya kati ya minyororo ya molekuli, minyororo huteleza na kuachana, na ufa huanza kwa nguvu ndogo ambayo peke yake isingefanya lolote. Kimiminika kilekile kwenye kipande kisicho na mvutano huenda kisionyeshe dalili hata kidogo. Hapo ndipo penye jibu la fumbo la kalamu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, moja ikapasuka na nyingine ikabaki.

Vimiminika vyenyewe viko nyumbani mwetu. Sanitaiza na spiriti huichosha akriliki. Petroli, thina na mafuta mengi, ya kupaka yakiwemo, huidhuru polistireni, ile plastiki nyepesi inayolia kama kioo ukiigonga kwa kucha. Amonia iliyo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo ni adui wa polikaboneti. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isisogezwe karibu na yoyote kati ya hizo. Kwa huku kwetu namwogopa zaidi mtu aliyetoka kujipaka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET kisha akashika kalamu papo hapo: DEET hulainisha na kuharibu plastiki kadhaa, na vibandiko vya dawa za namna hiyo huonya juu ya kuigusisha plastiki. Alama za vidole zilizobaki kama zimechapwa kwenye mwili wa kalamu hutokana na vitu vya jinsi hiyo. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke, ndipo uandike.

Na wino? Wino wa kawaida wa rangi na maji hauna neno. Ila historia ina mfano mmoja unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1941 kampuni ya Parker ya Marekani ilipoitoa Parker 51, iliitoa pamoja na wino wa kukauka haraka uliokuwa na alkali kali, na wino huo uliharibu seluloidi, plastiki ya zamani iliyokuwa ikitumika kwenye kalamu za wakati ule. Ikabidi mwili wa kalamu ufanywe kwa Lucite, akriliki ya kampuni ya DuPont. Akriliki ile ilistahimili kiasi kwamba Parker 51 nyingi zinaandika mpaka leo. Mwaka 1948 ikafuata Parker 21, ya bei nafuu, yenye umbo linalofanana na la dada yake lakini plastiki hafifu zaidi, na hadi leo mkusanyaji wa kalamu akiishika 21 kitu cha kwanza anachotafuta ni ufa kwenye ile kofia ya shingo inayofunika nibu, si kifuniko. Nyumba moja, karibu umbo moja. Kilichobadilika zaidi ni plastiki. Hapo "umeiangusha" ina nafasi gani?

Jinsi ya kuikagua kalamu kabla ya kulipa. Ifungue kifuniko, tazama mdomo wake dhidi ya taa huku ukiuzungusha polepole. Ufa hung'aa kama uzi wa fedha kwenye pembe fulani tu na kupotea kwenye pembe nyingine, kwa hiyo zungusha duara zima. Fanya vivyo hivyo kwenye mdomo wa mwili na shingo. Kwa kalamu angavu kuna mbinu ya kupendeza zaidi: fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta yenye skrini ya LCD, weka kipande cha kalamu mbele yake, kisha kitazame kupitia miwani ya jua ya aina ya polaraidi, ukiizungusha miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Plastiki isiyo na mvutano hubaki karibu giza. Yenye mvutano huwaka rangi za upinde wa mvua, na pale mistari ya rangi inapobanana, karibu na meno ya skrubu au tundu la plastiki kuingilia, ndipo ufa utakapoanzia. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kwa aliye nayo tayari, maji ya kuoshea yawe ya joto la kawaida. Seluloidi hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, na polistireni na akriliki huanza kulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo maji ya chai si ya kalamu. Wino ukiwa umeganda, tumia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye glasi ya maji, kisha suuza mara tatu au nne kwa maji matupu, kwani sabuni iliyobaki kwenye meno ya skrubu nayo huchochea nyufa. Pistoni au oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ikigoma, paka grisi ya silikoni, kiasi cha punje moja ya ulezi. Vaselini isitumike: huvimbisha mpira wa asili, na mafuta yake hayapatani na polistireni.

Ufa ukishatokea, wengi hukimbilia supagluu. Methali inatuhimiza kuziba ufa, lakini kwenye kalamu kuziba peke yake hakusaidii, maana kile kilichoupanua bado kimo ndani na kitaupanua tena. Ondoa kwanza kabari: tenganisha sehemu zote, na kama shingo inaingia kwa kubana, isugue kidogo kwa msasa namba 800 uliolowa mpaka iingie kwa ulaini. Osha, kisha acha ikauke saa 24, kwa sababu ufa mwembamba hushikilia maji kama utambi unavyoshikilia mafuta na gundi haitapenya. Ufa ukiwa kwenye kifuniko kisicho angavu, toboa kwa mkono kitundu cha nusu milimita mwishoni mwake, milimita moja mbele ya pale jicho linapoona umekoma; kitundu cha duara hutawanya mkazo uliokuwa umekusanyika kwenye ncha. Chovya ncha ya sindano kwenye supagluu nyepesi kama maji, gusisha ufa, na gundi itajivuta yenyewe. Usikamue tyubu moja kwa moja. Hakikisha kipande cha pili hakimo ndani, la sivyo utakuwa umeigandisha kalamu milele. Fanya kazi penye hewa inayopita, maana mvuke wa gundi hii huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Baada ya siku moja, sugua kwa msasa 1500 kisha 2000 pamoja na maji, umalizie kwa dawa ya meno na kitambaa laini.

Kwa mdomo wa kifuniko, fundi makini ataongeza pete ya shaba au alumini yenye upana wa milimita mbili au tatu. Kipenyo cha ndani cha pete kizidi kile cha nje cha mdomo kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na ishikwe kwa gundi ya mirija miwili. Ikishindiliwa kwa nguvu inaleta mkazo mpya mahali pa ule wa zamani. Ufa ukiwa kwenye tumbo linalohifadhi wino la kalamu ya pistoni, sishauri kuunganisha. Wino utaupata tena, na shati litalipa. Hapo kinachotakiwa ni kipande kipya.

Na hapo ndipo ombi langu kwa waagizaji na wauzaji lilipo. Kwanza, kwenye boksi yaandikwe majina ya plastiki ya kifuniko, shingo na mwili. Neno "resini" halitoshi, kwa maana akriliki, polistireni na ABS zote huuzwa chini ya jina hilo. Pili, anayeagiza kalamu mia aagize pia vifuniko kumi na shingo kumi za akiba. Ni vipande vya bei ndogo, na bila hivyo kalamu nzima hutupwa kwa ajili ya ufa wa sentimita moja. Tatu, kalamu ikirudishwa, muuzaji atazame nibu kabla ya kusema lolote. Ikiwa imenyooka, hakuna alama ya pigo, na ufa umesimama wima juu ya meno ya skrubu, ampe mteja kifuniko au mwili mpya.

Fundi kalamu,
Tanga