Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Joseph Chamberlain na Mji wa Birmingham

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulimsoma Joseph Chamberlain. Wengi humkumbuka kama Waziri wa Makoloni wa Uingereza, 1895 hadi 1903, wakati wa Vita vya Makaburu. Kamati ilishikilia tuanze na umeya wake wa Birmingham, 1873 hadi 1876, na ilikuwa na haki: kazi yake iliyowafaa watu zaidi ni hiyo.

Alizaliwa London 1836, akahamia Birmingham akiwa na miaka 18 kuangalia fedha za familia katika kiwanda cha skrubu. Udiwani aliupata 1869.

Gesi ya makaa ya mawe, iliyowasha taa za mji, ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili, kila moja ikichimbua barabara kulaza mabomba yake. Mwaka 1875 halmashauri ilizinunua zote kwa karibu pauni milioni 2 za mkopo. Deni liliwatisha walipa kodi, lakini mwaka wa kwanza tu faida ilifika pauni 34,000.

Mwaka uliofuata ikanunuliwa kampuni ya maji kwa pauni milioni 1.35, na hapo Chamberlain alikataa faida katakata. Karibu nusu ya wakazi walitegemea visima, na vingi vilikuwa vimeingiwa na maji taka. Bei ya maji ikipanda, maskini atarudi kisimani na maradhi yatarudi naye. Gesi ichangie mfuko wa mji, maji yajilipie gharama tu: hesabu hii ndiyo ningependa kila mwanachama aondoke nayo.

Dosari yake iko Corporation Street, barabara mpya ya katikati ya mji. Kwa sheria ya nyumba ya 1875, halmashauri ilinunua mitaa michafu, ikabomoa, ikakodisha viwanja kwa miaka 75. Maduka mazuri yakasimama, ila nyumba za waliohamishwa hazikutosha hata kidogo. Tusiifiche hiyo.

Bungeni aliingia 1876. Mwaka 1886 akaachana na Gladstone, Waziri Mkuu na kiongozi wa chama chake cha Liberal, kwa suala la kuipa Ireland serikali yake ya ndani. Mwishoni mwa 1902 alipita Mombasa na kupanda reli ya Uganda. Mwaka 1903 akampendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe), makazi ya Wayahudi Afrika Mashariki. Uwanda wa Uasin Gishu ukakaguliwa, na Wazayuni wakakataa 1905. Kiharusi kilimpata 1906, akafariki 1914.

Mwakani kamati inapendekeza Glasgow, mji wa Uskoti, ambako halmashauri ilivuta maji ya ziwa la Loch Katrine tangu 1859.