Nyumba yetu ina magurudumu: tuandike tunaishi wapi?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zetu kutoka Minnesota. Mimi ni mama wa miaka 67, mzaliwa wa Tanga, na niko Marekani tangu 1999. Nimestaafu baada ya kuwahudumia wazee wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mume wangu ana miaka 63. Alinifuata 2017, kwa sababu alibaki nyumbani kulea watoto na kuwatunza wazazi wake mpaka walipotangulia mbele ya haki. Kule alikuwa dereva wa basi la Tanga na Arusha, na barabara haijamtoka moyoni mpaka leo.

Mwezi wa sita tuliuza nyumba, tukalipa madeni, tukanunua gari la kuishi, yale makubwa yanayoitwa RV, lenye kitanda, jiko na choo. Tunataka kuizunguka nchi hii tuliyoifanyia kazi bila kuiona. Sijuti. Ila sasa kila fomu ninayoishika inaniuliza: unaishi wapi?

Nyumbani swali hilo lina mwenyewe. Ukitaka kitambulisho au kufungua akaunti, unakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anakuandikia barua na kugonga muhuri: huyu ni mkazi wangu, namfahamu. Huku barabara kuu haina mwenyekiti. Mtu asiye na nyumba ya kudumu lazima achague jimbo moja liwe makazi yake ya kisheria, kwa ajili ya leseni, usajili wa gari, bima, kura na kodi. Wastaafu wenzetu wa magari haya wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida. Majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato, na zipo kampuni za huko zinazowapa wasafiri anwani na kuwapokelea barua.

Mimi moyo wangu uko South Dakota. Sioux Falls ni mwendo wa saa nne tu kutoka kwa binti yetu. Kwa miaka mingi jimbo hilo limewapa leseni wasafiri wanaoleta risiti ya kulala humo usiku mmoja, kambini (viwanja vya kulipia vya kuegesha magari haya) au hotelini, pamoja na kiapo cha maandishi na anwani ya kampuni ya barua. Kura ndiyo ngumu: tangu 2023 sheria inataka uwe umekaa siku 30 kabla ya kujiandikisha. Mzee wangu anataka Texas, mji wa Livingston, saa moja na kitu kaskazini ya Houston, ambako Escapees, klabu ya watu wa magari haya, inawapa wasafiri anwani na ina kituo cha kuwatunza wanachama waliozeeka. Anasema theluji imemchosha, na Houston Waswahili wapo.

Tungekuwa raia wote wawili, ningemwachia achague yeye na tungekuwa tumeshaondoka. Lakini yeye bado ana grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na mwaka huu ndio tumepanga aombe uraia. Kila baada ya Isha anasoma yale maswali 128 ya historia na serikali, mimi namuuliza, na sasa ananishinda.

Nilivyosoma nikaelewa, jimbo linakuuliza nia: unapahesabu wapi kuwa ni kwako, na ukitoka unakusudia kurudi wapi? Sheria ya uhamiaji haitaki kujua nia. Kwao makazi ni mahali mtu anapokaa hasa. Na anayeomba uraia lazima awe amekaa miezi mitatu katika jimbo au eneo la ofisi ya uhamiaji anakoombea. Basi usiku mmoja Sioux Falls unaweza kumpa leseni, lakini ile miezi mitatu utaipata wapi? Tena mwenye grinikadi akihama anatakiwa aijulishe idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Sisi tutahama kambi kila wiki mbili. Je, kila kambi ni kuhama? Fomu ya uraia inataka anwani zote za miaka mitano iliyopita, na ukiisaini unaapa kwamba uliyoandika ni kweli. Mimi naogopa kiapo. Sitaki mume wangu akae mbele ya ofisa, aulizwe analala wapi, ataje sanduku la barua.

Binti yetu anasema tutumie anwani yake, yaishe. Najua ni mapenzi. Lakini hatulali kwake, na Minnesota wana mambo 26 wanayoyatazama ili wajue kama umehama kweli: leseni, kura, hata nyumba ya ibada uliyojiandikisha. Tukiweka mguu mmoja huku na mwingine kule, kodi ya Minnesota itatufuata. Sheria ya shirikisho ya 1996 inalizuia jimbo kumtoza kodi ya pensheni mtu asiye mkazi wake tena, lakini lazima awe ameondoka kweli.

Benki nayo imeshanionjesha. Nilipopeleka anwani ya kampuni ya barua, kijana wa dirishani akasema kompyuta imeikataa, wanatakiwa wawe na anwani ya mahali ninapoishi. Nilirudi garini nikalia. Miaka yote hii nalipa kodi, leo naonekana sina kwangu.

Na kuna bima. Mimi nina Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya waliofika miaka 65, daktari yeyote anayeipokea nitatibiwa kwake, jimbo lolote. Yeye bado miaka miwili, na ana sukari. Bima anayojinunulia inategemea jimbo na kaunti ya anwani yake, na nyingi ukitoka nje ya hapo zinalipia dharura tu. Tukichagua jimbo, tumechagua na daktari wake.

Juzi akaniuliza kama tupunguze sala kama wasafiri au tuzitimize kama wakaazi. Nilikosa la kumjibu.

Kambi tuliyomo inafungwa katikati ya mwezi wa kumi, maana mabomba ya maji huganda. Tunaweza kuomba sasa hivi tukiwa Minnesota, ambako kweli tumeishi, kisha tuondoke na kutoa taarifa ya kuhama. Hofu yangu ni wito wa alama za vidole au usaili kufika tukiwa mbali. Au tushuke Texas, tutulie kambi moja miezi mitatu kamili, achukue leseni, aombe kwa anwani ya kambi yenyewe. Mimi nimeegemea hapo. Niliwahi kumwambia tupange chumba hapa mpaka ale kiapo, akanionyesha magoti yake na kuniuliza yatasubiri mpaka lini.

Naomba unishauri. Kuna aliyewahi kuomba uraia akiishi katika gari kama hili? Risiti za kambi za kila mwezi zinatosha kuwa ushahidi? Kitangulie nini, leseni ya Texas au maombi ya uraia? Na wakili wa uhamiaji anaweza kutushauri na ya kodi, au tutafute wawili? Hela ya wawili itatubana, lakini kama ndiyo njia, nitaitafuta.

Mama wa Tanga,
kambini, kusini mwa Minnesota