Chupa iliyo uvunguni

Mwanangu,

Marahaba. Shangazi yako amefika salama na basi la jioni, ameleta salamu zako na ile picha ya pweza. Nimeibana ukutani juu ya meza ya redio. Weusi umekaa mpaka kwenye kingo na mikono yote minane inasomeka. Kwa lino, yaani bapa laini lililochongwa na kuchapwa kwa mkono, hiyo ni kazi. Nitairudia. Ila shangazi yako ni mtu wa macho, na alichoniambia baada ya chai ndicho kimenikalisha kuandika usiku huu badala ya kungoja uje Idi: kuna lita moja ya tindikali ya naitriki ya kuchimbia mabamba ya zinki ya kuchapia picha, uliyoipata kwa sonara, imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na iko uvunguni mwa kitanda chako.

Itoe. Weka barua chini, kaitoe, kisha rudi usome.

Usiibebe kwa kuikumbatia. Itie ndani ya ndoo ya plastiki, ndoo iende uani, kivulini, pasipofikiwa na watoto wa mwenye nyumba. Ukilazimika kulegeza kizibo, vaa glavu na miwani, geuza uso pembeni, zungusha polepole, maana hewa hujikusanya ndani ikasukuma. Plastiki ya chupa za maji haikutengenezwa kwa tindikali kali. Ikipasuka, ikamwagikia godoro au matambara yenye mafuta, inaweza kuwasha moto bila kiberiti. Na chupa ya maji ya kunywa ni chupa ya maji ya kunywa. Mgeni akiamka na kiu usiku hasomi ulichoandika kwa kalamu. Usipande nayo daladala kuirudisha. Mwite sonara aje na chupa yake ya kioo aichukue, hata bure. Hela imeshakwenda, iache iende.

Najua utasema kipimo unakijua. Sawa, unakijua: tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye tindikali, kimoja kwa kumi, na unyoya wa kuku wa kufagia mapovu yasing'ang'anie kwenye mistari. Hayo nilikufundisha mimi. Lakini zinki ikikutana na ile tindikali, hata iliyopunguzwa, inatoa moshi. Ikiwa dhaifu huuoni sana. Ikipata joto, au bamba likiwa kubwa, unatoka wa rangi ya kahawia. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na godoro lako liko kimo gani kutoka sakafuni? Mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akaenda kula na kucheka na wenzake, kisha baada ya saa kadhaa, usiku, mapafu yakajaa maji. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi tu. Dirisha lako ni moja, nalo unalifunga magharibi kwa ajili ya mbu. Nilikufundisha kutia tindikali kwenye karai kabla sijakufundisha kufungua dirisha; hilo liko kwangu. Na kile kikohozi changu cha asubuhi hakikutoka kwenye sigara kama ninavyomwambia mama yako.

Halafu bamba hilo utalichapia wapi? Hapo ndipo sikuelewi. Wino wa bamba lililochimbwa umekaa ndani ya mistari, chini ya uso wa bati. Kuutoa kunataka mashine ya rola mbili na blanketi nene, karatasi ya pamba iliyolowa, na nguvu yote ikusanyike kwenye ule mstari mwembamba ambapo rola inagusa. Wewe una mwiko wa kusugulia karatasi. Jeki nayo, nitakayoieleza mbele, inabana uso mzima kwa pamoja, nguvu inatawanyika, mistari inabaki na wino wake. Kwa hiyo ulinunua sumu ya kazi ambayo huna mashine yake.

Shangazi anasema wateja wanakuambia lino ni kazi ya watoto wa shule. Wateja hao waonyeshe kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987. Lino, wino mweusi, karatasi nyeupe, na maneno yamechongwa humohumo ndani ya picha. Maneno, mama! Kila herufi lazima ichongwe kinyumenyume ndipo ichapike sawa. Hebu wewe jaribu jina lako tu kwanza, uone S itakavyokutoa jasho. Zinki nayo si ya kudharau. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, Robino Ntila na wenzake walichapa kwa mabamba, na George Lilanga ambaye watu wanamjua kwa rangi kali alichapa pia picha za weusi na weupe. Sikukatazi zinki. Nakukataza kulala nayo.

Ukitaka kuchimba bamba, tumia mrututu, yaani salfeti ya shaba. Nenda duka la pembejeo, omba mrututu wenyewe, chembechembe za samawati kama kioo kilichopondwa. Usikubali kuuziwa ile poda ya kijani ya kupulizia kahawa na nyanya, hiyo haiyeyuki na itakupotezea siku. Pima gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani, yeyusha katika lita moja ya maji ya vuguvugu, acha yapoe. Karai liwe la plastiki. La bati litaliwa. Nyuma ya bamba bandika selotepu pana, la sivyo utachimba pande zote mbili. Halafu weka bamba likitazama chini, pembe zake zimeegemea vizibo vinne, kwa sababu kazi ikianza utaona unga wa kahawia mwekundu unajikusanya kwenye mistari. Hiyo ni shaba. Ikikaa pale inaziba, mstari unachimbika huku na kuachwa kule. Bamba likitazama chini, unga unadondoka wenyewe. Litoe kila baada ya dakika 5, suuza, pitisha brashi laini, angalia kwa kucha. Maji yakififia rangi yamechoka.

Moshi wa kahawia hakuna hapo. Lakini ni sumu vilevile: glavu, miwani, na usimwage kwenye mtaro, shaba inaua samaki. Tia magadi kidogokidogo mpaka mapovu yaishe na tope litulie chini. Na hata huo mrututu, uani. Si chumbani.

Usije ukakata bati la kuezekea ukidhani ni zinki. Ni chuma kilichopakwa zinki, na ngozi hiyo inaisha kabla hujamaliza kunywa chai. Yale mabamba membamba yanayotupwa na mitambo ya magazeti ni alumini. Hayo yanachimbika kwa mrututu na chumvi, tena kwa fujo: maji yanachemka na kutoa hewa inayoshika moto, kwa hiyo punguza kipimo nusu na jiko liwe mbali. Kingo zake zinakata kama wembe, zipige tupa kabla hujafanya chochote.

Nikiwa bado kwenye moto. Matambara unayofutia wino unayaweka wapi? Wino wako ni wa mafuta ya kitani, na mafuta hayo hayakauki kama maji, yanakauka kwa kuvuta hewa, na yakivuta hewa yanatoa joto. Tambara moja likianikwa kwenye kamba, joto linakwenda zake. Matambara kumi yakifinyangwa kwenye mfuko wa rambo, joto linabaki ndani, linaongezeka, linawaka saa nane za usiku na wewe umelala. Yaanike moja moja nje, au yazamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Na hiyo petroli ya kusafishia rola nayo itoke chumbani, ila ikae mbali na tindikali. Mimina mafuta ya alizeti juu ya kioo, kusanya wino kwa kisu cha rangi, futa, rudia mara ya pili kwa mafuta kidogo, malizia na sabuni ya vyombo. Inachukua dakika kumi zaidi. Una haraka ya kwenda wapi?

Sasa pweza. Pembe ya chini kulia kuna vidoa vyeupe, kama mtu amenyunyiza punje za chumvi. Wewe utasema wino ulikuwa kidogo, ukaongeza, na kwenye nakala iliyofuata zile nywele nyembamba za mawimbi zikaziba. Nimekosea? Shida si wino. Lino yako imebonyea pale, au meza. Geuza kibao chenye lino, bandika tabaka mbili za karatasi ya tishu chini ya pembe hiyo tu, chapa tena. Ukisugua kwa mgongo wa mwiko anza katikati kwenda nje, kisha inua pembe moja uchungulie huku kiganja cha pili kimeshikilia karatasi isiteleze. Palipo na punje, rudishia, sugua tena hapohapo.

Wino nao usikilize. Ukiutandaza kwenye kioo na rola inapita, mwanzoni unalia kwa kunata, kama miguu kwenye tope. Endelea mpaka sauti ishuke, iwe kama vitumbua vinavyoanza kukaangika mbali jikoni, na uso wa wino ufanane na ngozi ya chungwa iliyo laini. Hapo ndipo unatosha. Joto la mchana la Dar linaulegeza, kwa hiyo chapa asubuhi. Masika ikianza nakala zitachelewa kukauka, pengine wiki au zaidi. Usizipange moja juu ya nyingine kwa sababu juu pamekauka. Karatasi uliyoilowesha usiiache kwenye plastiki zaidi ya siku moja, itaota ukungu.

Lingine, nalo limeniuma. Picha yako imeandikwa 7/15, yaani nakala ya 7 kati ya 15, lakini shangazi anasema kwenye kamba alihesabu 20 na zaidi. Kama ni 15, ni 15. Za majaribio ziandike kuwa ni za majaribio, zilizoharibika zichane, na nakala ya 15 ikitoka pitisha patasi mshazari juu ya lino isichapike tena. Mtu aliyenunua ya 7 amenunua ahadi yako. Na tena umetia sahihi kwa kalamu ya wino! Penseli: namba kushoto, jina la picha katikati, sahihi kulia. Kalamu ya wino inapauka, nyingine inavuja kwenye karatasi. Hilo unalijua tangu hujaenda sekondari.

Patasi zako pia ni butu, naona kingo zimechanika badala ya kukatwa. Lino ikiwa ngumu iache juani kidogo kabla ya kuchonga, na mkono wa kushoto ukae nyuma ya patasi siku zote, hata ukiwa na usingizi. Hasa ukiwa na usingizi.

Huku paa la jikoni limevuja tena, fundi anataka mabati matatu na misumari, nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Kuku wawili wameibwa au wameliwa na kicheche, mama yako na jirani hawajakubaliana. Kaka yako amefaulu mtihani wa kati, usimpe hela, mpe daftari la kuchorea. Goti la mama yako ni afadhali. Umeme wa luku tunaununua kidogokidogo, ndiyo maana simu yangu inazimika, usidhani nimekasirika.

Nimekasirika, lakini si kwa sababu hiyo.

Jeki nakutumia Alhamisi na basi la saa mbili asubuhi, imefungwa kwenye gunia pamoja na mbao mbili za plaiwudi za milimita 18. Ni jeki ya chupa ya tani 6, inatosha sana kwa lino. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma cha chaneli, si bomba, bomba litapinda. Nafasi ya ndani iwe sentimita 50 kwa upana. Springi mbili za kurudisha ubao juu zimo ndani ya soksi, usizitupe. Ukipiga jeki usijionyeshe nguvu: lino ikibanwa kupita kiasi inatanuka, nywele za mawimbi zinaungana, na utalaumu wino tena. Mlipe fundi baada ya kuona fremu imesimama sawa kwenye pembe zote nne, si kabla.

Kalipokee gunia mwenyewe kwa kondakta, usimtume mtu. Na utakapompigia shangazi kwamba gunia limefika, mwambie na chupa iko wapi, nitamuuliza.

Mama yako anaiulizia ile sufuria yake ndogo. Kama uliyeyushia nta ya mabamba, usiirudishe wala usipikie, mnunulie nyingine.

Baba yako